Mkia wa Kamba

Kamba ilikuwa na mafundo mawili, na yote mawili aliyafunga mkewe.

Kazi ya mume ilikuwa kuchora mistari barabarani. Kuamua mistari ipite wapi hakukuwa kwake; hilo lilikuwa la wenye ofisi. Yeye alipima, akatia alama ya chaki, akapiga uzi wa chokaa, na wenzake wakafuata nyuma na toroli la rangi ya moto. Miaka thelathini na ushei. Mji mzima ulipita juu ya kazi yake kila siku na hakuna aliyemjua. Wenzake walimwita Mzee Kamba, hata kabla hajawa mzee.

Hakusoma. Namba za kwenye tepu ya chuma aliziona kama siafu: zinakwenda kwa mstari, zote sura moja. Mwaka wa kwanza kazini, msimamizi wa enzi zile alimhurumia. Akatia alama mbili za penseli nyekundu juu ya tepu, akamwazima aende nayo nyumbani ajitengenezee kipimo cha kamba. Siku hiyo hiyo rangi ilikuwa imemrukia. Vidole vilivimba, vikafungwa bandeji, hata kifungo cha shati hakuweza kukifunga. Mkewe akapiga magoti sakafuni, akaitandaza tepu toka mlango wa mbele hadi wa nyuma, akalaza kamba kando yake, akafunga fundo kwenye kila alama nyekundu. Alikaza kwa meno.

"Hili la kwanza la nini?"

"Gari moja."

"Na hili?"

"Gari la pili, linalopita ubavuni mwa lile. Nashika kichwa cha kamba katikati ya barabara, navuta hadi ukingoni. Nikigeukia upande wa pili, ni vilevile. Magari manne yanapita bila kugusana."

Baada ya fundo la pili kilibaki kipande, kama urefu wa hatua moja ya mtu mwenye haraka. Akamwambia mkewe akikate, kisije kikamnasa miguuni. Mkewe akakificha nyuma ya mgongo.

"Magari umeyaweka manne," alisema. "Mimi umeniweka wapi?"

Alikuwa muuza mboga. Kila asubuhi alipita barabara hiyo kwenda sokoni, beseni kichwani. Mume alicheka.

"Wewe una miguu, mke wangu. Utapita popote."

"Popote ndiyo wapi?"

Mkewe akakizungusha kile kipande kwenye kidole chake, akakiachia.

"Basi mimi nipo hapa mkiani. Ole wako ukate."

Hakukata. Miaka yote alipovuta kamba, mafundo mawili yalilala juu ya lami na mkia ukaning'inia mtaroni. Na kweli mtaroni ndimo alimopita mkewe, yeye na wote waliokwenda kwa miguu, wakiruka maji machafu huku honi zikiwalilia masikioni. Ikawa utani wa nyumbani. Akirudi na matope hadi magotini mkewe alisema, "Natoka mkiani," wakacheka wote wawili. Mzee Kamba alidhani wanacheka wote wawili.

Sasa mkewe alikuwa na miezi minne kaburini. Kifua. Wiki tatu tu, basi.

Beseni lake lilikaa miaka yote nyuma ya mlango, na kila aliyeingia alilikwepa. Binti yao, muuguzi, aliyehamia pale kumtazama baba yake, alilitoa akaliegemeza ukutani huko uani. Lakini Mzee Kamba kila alipoingia aliendelea kukwepa. Miguu ilijua beseni lipo. Kichwa kilijua halipo. Vikabishana kila jioni pale mlangoni, na yeye amesimama kati hajui amsikilize nani.

"Acha kazi, baba," binti alimwambia. "Umekula chumvi ya kutosha. Pumzika."

"Nipumzike wapi?"

Hakuwa anatania. Aliuliza kweli.

Ndipo ikaja kazi ya barabara ya sokoni.

Asubuhi ile barabara ilifungwa kwa koni toka mwanzo hadi mwisho. Mhandisi, mwanamke kijana mwenye kofia ngumu na viatu vilivyojaa vumbi, akawakusanya kando, akasimamisha ubao wenye mchoro. Mzee Kamba hakusoma maandishi lakini picha alizisoma. Aliona mtu anatembea. Aliona baiskeli. Aliona basi. Akainamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto.

"Mwanangu," aliuliza, "gari mmeliweka wapi?"

Tanuri akaangua kicheko. Huyu ndiye aliyechemsha rangi, na jina hilo alipewa kwa sababu ya kazi yake na mdomo wake; vyote viwili havikuwahi kupoa.

"Gari limepewa likizo, Mzee Kamba! Wewe tu ndiye huendi!"

"Magari ya watu binafsi yatazunguka kwa barabara ya nje," mhandisi alisema. "Hapa tumekaa mwezi mzima tunahesabu, baba. Katika watu kumi wanaopita, saba wanatembea. Wawili wako ndani ya basi. Mmoja yuko ndani ya gari lake."

"Mmoja?"

"Mmoja. Na huyo ndiye tuliyempa barabara karibu yote. Sasa tunageuza. Mtu akiona anatembea kwa raha, na basi halikwami nyuma ya msururu, gari ataliacha nyumbani mwenyewe. Hatumfukuzi. Tunampa sababu."

"Nani alimpa barabara yote?"

Mhandisi akatabasamu. "Si mistari yako hii, baba?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini Mzee Kamba aliduwaa. Aliitazama mistari yake ya zamani, imechakaa, imenyooka. Siku zote aliionea fahari kwa sababu imenyooka. Akajaribu kuwaona hao saba wanaotembea. Alimwona mmoja tu, na huyo alikuwa mtaroni.

"Upande huu wa barabara," mhandisi aliendelea, "basi mita tatu, baiskeli mita mbili, miguu mita mbili. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Basi tatu, baiskeli mbili, miguu mbili."

"Nimesikia, mwanangu."

Kusikia alisikia. Kisha akashika kichwa cha kamba katikati ya barabara, akavuta, vidole vikakutana na fundo la kwanza, akatia chaki. Akasogea hatua kumi, akavuta, fundo, chaki. Kazi ilimpa nafuu. Hapakuwa na mlango wala beseni. Ilikuwa kamba na mkono, na mkono ulijua. Akapiga uzi wa chokaa, Tanuri akaja na toroli, rangi ikamiminika nyeupe inatoa moshi. Wakaenda hivyo hatua arobaini.

Mhandisi alirudi na tepu. Akachuchumaa. Akapima, akapima tena, akainuka polepole.

"Baba, hapa pamezidi nusu mita."

"Pamezidi wapi?"

"Kwa basi. Limekula nusu mita ya watu."

"Limekula na limeshiba," Tanuri alisema. "Rangi imekwisha kukauka hiyo."

Mzee Kamba alitazama kamba mkononi mwake, akaona fundo alilolishika. La gari. Fundo la miaka yote.

Rangi ya moto ikishashika lami haifutwi kwa kitambaa. Waliichoma kwa gesi wakaikwangua kwa koleo hadi adhuhuri, na hakuna aliyemgombeza. Afadhali wangemgombeza. Katika miaka yake yote hakuna mstari wake uliowahi kukwanguliwa. Hata Tanuri alinyamaza, na Tanuri kunyamaza ni msiba.

Walipopumzika mhandisi akaja kukaa naye kwenye ukingo, akaomba kuishika kamba. Aliipitisha mikononi kwa heshima.

"Ni nzuri hii. Lakini imepimwa kwa barabara ya zamani. Fungua fundo hili, ulisogeze mpaka hapa." Akaonyesha kwa kidole. "Utaendelea nayo kama kawaida."

"Fundo la miaka hiyo halisikii kucha," Tanuri alisema. Alikuwa amekwisha chomoa msumari kwenye kisanduku cha vyombo. "Lete mzee, nikulegezee."

Mzee Kamba akaivuta kamba, akaikumbatia kifuani.

"Hapana."

"Fundo tu, mzee wangu."

"Si fundo tu."

Wakangoja aseme ni nini basi. Angeanzia wapi? Kwenye bandeji? Kwenye meno? Mhandisi alimtazama, akatazama barabara, akashusha pumzi.

"Sikiliza, baba. Barabara hii inafunguliwa kesho alasiri; kundi la upande wa pili limekaribia kumaliza, na upande huu ndio umebaki. Tepu huisomi, na kamba hutaki kuibadili. Ikiwa asubuhi bado ni hivyo, nitampa mtu mwingine kipimo. Wewe utasimama na koni."

Kusimama na koni ilikuwa kazi ya mtu aliyetoka kuumwa. Mzee Kamba aliitikia kwa kichwa. Alielewa kila neno na hakuelewa kitu.

Jioni binti alimkuta mezani, kamba imelala mbele yake kama mgonjwa.

"Kula, baba."

"Wanataka niifungue."

Akamweleza, kwa kifupi, kama alivyoeleza kila kitu. Binti akavuta kiti.

"Chukua kamba nyingine. Nitakufungia mimi, mafundo mapya."

"Halafu hii?"

"Hii utaiweka."

"Niiweke wapi?" Akaugusa mkia, akasema, "Mama yako alikuwa na utani wake juu ya mkia huu. Unaukumbuka?"

"Naukumbuka." Binti alikuwa akikunja kitambaa cha meza, akikikunjua. "Ila mama hakuwa anatania, baba."

"Tulikuwa tunacheka."

"Wewe ulikuwa unacheka. Mimi nilikuwa naenda naye sokoni nikiwa mdogo. Alinitanguliza mbele, yeye nyuma, ili nisitoke machoni pake. Nilitaka anishike mkono. Akasema hapana nafasi, tukishikana mikono mmoja wetu atakuwa barabarani."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia kila siku."

Mzee Kamba alishika kijiko akakiacha. Hata yeye, siku walizokwenda pamoja, alitangulia na mkewe akafuata. Hakumbuki kumwona akitembea. Alimsikia tu nyuma yake, viatu vikichapa matope. Alitaka kukasirika lakini hakujua amkasirikie nani. Mistari? Wenye ofisi? Mkewe, kwa kucheka? Aliyekuwa na fundo mkononi ni yeye, na aliyelifunga ni yule yule aliyebanwa nalo. Kila alipolishika wazo hili upande mmoja, lilimponyoka upande wa pili.

Asubuhi tepu ilikuwa imewekwa juu ya toroli, tayari kwa mtu mwingine. Mhandisi alimwona akija na kamba ile ile begani, mafundo yale yale. Uso ukamshuka.

"Baba."

"Nina swali moja, mwanangu. Ulipokaa kuchora, ulianza kupima na nani?"

"Sijakuelewa."

"Barabara ilikuwa tupu mbele yako. Wa kwanza kumpa nafasi alikuwa nani?"

"Anayetembea," mhandisi alisema. "Halafu wa baiskeli. Linalobaki ndilo la basi. Pakikosekana nafasi, anayekosa ni mwenye injini."

"Ulianzia ukingoni."

"Ndiyo."

"Mimi nilianzia katikati."

"Wote walianzia katikati, baba. Ndivyo mlivyoambiwa."

Mzee Kamba akatoka katikati ya barabara. Akaenda ukingoni, akachuchumaa, magoti yakalia. Akaigeuza kamba kichwa chini miguu juu. Ncha ya mkia akaibana kwenye ukingo kwa dole gumba, akaunyosha mkia juu ya lami hadi kwenye fundo la pili. Miaka yote ulikuwa ukining'inia. Hakuwahi kuuona umelala.

"Nipimie hii."

Mhandisi akaleta tepu. "Mita moja na kidole na nusu. Haitoshi. Mita moja ni mtu mmoja."

"Na wewe unataka wangapi?"

"Wawili. Mtu na mwenzake watembee ubavu kwa ubavu. Ikiwa mita moja, lazima mmoja atangulie na mwingine afuate."

Mzee Kamba alibaki amechuchumaa. Tanuri alidhani amepatwa na kizunguzungu, akapiga hatua kuja kumshika. Lakini mzee aliinua mkono kumzuia, akatia chaki penye fundo, akasogeza mkia mbele ya chaki, akaunyosha mara ya pili.

"Huyo wa kwanza," alisema, "na huyu mwenzake."

Akatia chaki. Akaunyosha tena mara mbili kwa ajili ya baiskeli. Kisha akasimama akaonyesha kwa kidevu lami iliyobaki hadi katikati.

"Linalobaki, la basi."

Mhandisi alipima lile la miguu, akapima la baiskeli, akapima lililobaki. Akatafuna mdomo.

"Basi limepungukiwa vidole sita."

"Basi lina vidole?" Tanuri aliuliza. "Litajuaje?"

Mhandisi akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Akaichukua tepu yake, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Endelea, baba. Hivyo vidole viende kwa watu."

Mafundo hayakufunguliwa. Walifanya kazi hadi jua likapinda, mkia mara mbili, mkia mara mbili, chaki, uzi, rangi. Katikati ya kazi gari moja jeusi lilikuja hadi kwenye koni likasimama, dereva akatoa kichwa dirishani.

"Nyinyi mmechanganyikiwa? Miaka yote napita hapa! Mimi nipite wapi?"

Mzee Kamba ndiye aliyekuwa karibu. Alifungua kinywa, na neno lililomjia lilikuwa "popote". Akalimeza. Halikuwa neno la kumwambia mtu.

"Zunguka kwa barabara ya nje, ndugu yangu," alisema. "Hata mimi sijaelewa vizuri. Lakini zunguka."

Dereva alimtazama, akarudisha gari nyuma.

Alasiri rangi ilipopoa waliondoa koni. Basi la kwanza likapita bila kusimama mahali. Zikaja baiskeli mbili tatu, kwa wasiwasi, kama kuku kwenye sebule ya watu. Lakini waendao kwa miguu hawakuja. Walikuwepo, wengi, wanatoka kazini, wanakwenda sokoni. Wote walikuwa mtaroni. Njia yao mpya ilikaa nyeupe na tupu, na wao walipita kando yake mmoja nyuma ya mwingine, wakiruka maji machafu.

"Mama!" Tanuri alimpigia kelele mwanamke mmoja mwenye beseni kichwani. "Mama, toka huko! Njia ni hii hapa!"

Mwanamke akasimama. Akaitazama njia, akamtazama Tanuri.

"Ya nani hiyo?"

"Yako!"

"Yangu tangu lini?"

"Tangu saa hizi!"

"Hebu niache na mambo yangu, wewe." Akaendelea mtaroni.

Mhandisi alisema waashi watakuja wiki ijayo kuinua ukingo, na miti itapandwa, na watu watazoea. Mzee Kamba hakungoja wiki ijayo. Akaitundika kamba begani, akaingia kwenye njia aliyoichora, akaanza kutembea. Hatua tatu akasimama. Ilikuwa pana mno. Hakujua ashike upande upi. Aliingia kulia, akahisi amemwacha mtu barabarani. Akahamia kushoto, akahisi amembana mtu mtaroni. Alisikiliza kama kuna viatu nyuma yake. Akasogea tena kulia.

"Mzee, chagua upande!"

Alikuwa yule mwanamke wa beseni. Alikuwa amepanda kutoka mtaroni, amekuja nyuma yake, na miguu yake bado inachuruzika maji.

Mzee Kamba akajisogeza upande wa baiskeli. Upande wa ndani, ule salama, akauacha wazi. Alijua anauacha kwa ajili ya nani. Mwanamke akaja akauingia kana kwamba uliachwa kwa ajili yake, na wakawa wanakwenda sambamba, hawajuani, mkia wa kamba ukipigapiga kati yao. Hakujua kama inafaa akasirike au ashukuru. Alitazama miguu ya yule mama. Ilikuwa inakauka.

"Unaenda wapi na kamba, mzee?"

"Nyumbani."

"Kwako ni huku sokoni?"

Akainua macho. Nyumba yake ilikuwa nyuma, upande mwingine kabisa.

"Hapana," alisema, na akaendelea kutembea.